Unafungua Pazia Saa Ngapi

Kiti cha mteja katika ofisi yetu ya Amagasaki
kina magurudumu. Mzee Kuwabara alikikalia
kama mtu aliyepandishwa punda asiyemjua:
nyayo zote mbili sakafuni,
mfuko wa karatasi mapajani.

Miaka sabini na sita, nikaandika.
Pensheni: ndiyo. Akiba: akafunua kitabu cha benki
ukurasa kwa ukurasa, hata kurasa nisizoziomba.
Deni: hana. Mbwa: hana. Piano: akacheka.
Mdhamini.
Hapo kalamu ikakwama.
"Kaka yangu yuko Tottori. Ana themanini na mbili,
na tangu mwaka jana sauti yangu haimkumbushi mtu."

Nikaruka mstari ule, nikainua simu.

Sisi madalali hatuulizi kama nyumba ipo.
Nyumba ipo, imebandikwa kwenye kioo chetu,
picha yake na bei yake. Tunauliza
kama ipo kwa huyu aliyekaa hapa.
Mwenye nyumba wa kwanza: mwanamume? peke yake? umri?
Nikautaja chinichini,
kama daktari anayetaja ugonjwa mgonjwa akisikia.
Kimya. Nyuma yake televisheni, mtu kapiga besiboli,
uwanja mzima unashangilia.
"Aa, ile. Ile tumeshampa mtu."
Wa pili alikuwa na ukarabati.
Wa tatu hakuhangaika kutafuta kisingizio:
"Akinifia humo, mikeka atalipa nani?"

Mzee aliyasoma yote usoni mwangu.
Nikageuza kiti, nikampa mgongo,
kumbe na mgongo nao una maandishi.

Wa nne. Wa tano.
Nilipogeuka alikuwa amemenya chenza,
nusu yake ameiweka juu ya fomu,
pale pale penye mstari mtupu.
"Kula. Umeongea sana."
Nikala. Ningefanya nini?

Wa sita alikuwa Bi Inoguchi, vyumba vinane
nyuma ya kiwanda cha kamba. Simu yake huita sana
kwa kuwa huifuata kwa mkongojo.
Nilipoutaja umri akasema, "Kumbe kijana."
Mshahara hakuuliza. Kaka wa Tottori hakumuuliza.
"Mpe simu."

Simu ile ina sauti kubwa, nilisikia kila neno.
"Asubuhi unafungua pazia saa ngapi?"
Siku nzima mzee alikuwa anajibu kabla swali halijaisha.
Hili alilifikiria.
"Saa kumi na mbili na nusu. Mvua ikinyesha, saa moja."
"Dirisha lako linatazamana na jiko langu.
Saa mbili ikifika pazia halijafunguka,
nitakuja na ufunguo."
"Sawa. Na lako, mama, hufunguka saa ngapi?"
Pakatokea mlio, sikujua kama ni kikohozi au kicheko.
"Saa kumi na moja. Usingizi ulishanihama."
"Basi likichelewa nami nitakuja. Ila sina ufunguo."

Nimesikiliza kimya kingi katika simu ile.
Najua kimya cha kutafuta uongo,
na kile cha kusubiri mteja aondoke.
Hiki sikukijua.

"Nitakuchongeshea," akasema, akakata.

Mzee akatoa muhuri wake, akaupulizia pumzi,
akaugonga. Ulitoka umepinda kidogo.
Akaomba radhi kwa fomu, si kwangu,
akaondoka na maganda ya chenza mfukoni.

Nikaibandua ile picha dirishani.
Gundi iliacha pembe nne ambazo hazijatoka mpaka leo.

Kesho yake aliingia binti wa Kivietinamu, Thuy,
anashona viti vya magari, zamu ya usiku,
mtoto amelala begani.
Akakikalia kiti, kikamkimbia, akacheka.
Nikainua simu.
"Ni mgeni," nikasema,
na sauti yangu, bila kuiamuru,
ikashuka palepale ilipozoea kushuka.
Mkonga wa simu bado ulinuka chenza.